Je, Wajua? Kazi Mpya Kichwani Mvi

Je, wajua kwamba Kenya ina Sigor mbili? Moja iko Pokot Magharibi, na ndiyo yenye eneo bunge la jina hilo. Ya leo ni ile ya Bomet, ndani ya Chepalungu, kule chini ambako chai inakoma na mahindi, ng'ombe na viazi vitamu vinashika usukani. Kwa miaka mingi kijana wa hapa aliyetaka mshahara alipanda juu kwenye mashamba ya chai ya Kericho, au akaenda kusomea ualimu, au akavaa sare ya polisi. Vijana hao sasa wana miaka 45, 48, 52. Wanaamka alfajiri wakijiuliza kama kazi hii ndiyo watakayozeeka nayo. Safu ya leo ni yao.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 haina jina la mtu wa miaka 45? Kifungu cha 260 kinamtaja kijana: aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kinamtaja pia mzee: aliyevuka 60. Kati ya 35 na 60 kuna miaka 25 ambayo Katiba imeipita kimyakimya. Ndiyo miaka ya karo, ya mkopo wa Sacco, na ya wazazi kuanza kuugua.

Wajua kimya hicho kina bei? Hazina ya Maendeleo ya Biashara kwa Vijana, iliyoanza 2006, inawahudumia wa miaka 18 hadi 34. Hazina ya Uwezo inachukua vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Zile asilimia 30 za zabuni za serikali zimetengewa makundi hayohayo matatu. Mama wa Sigor mwenye miaka 47 anayetaka kuacha kibarua afungue duka la agroveti bado ana mlango, kwa sababu Hazina ya Wanawake haimwulizi mvi. Mumewe wa miaka 49, asiye na ulemavu, anabaki na Hazina ya Hasla (Hustler Fund), iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa kila mtu mzima. Mkopo wake binafsi ulianzia shilingi 500, na kilele kilichotangazwa ni 50,000. Kwa shilingi 500 mtu habadilishi kazi. Labda abadilishe chakula cha mchana.

Je, wajua kwamba katika sensa ya 2019 Wakenya watatu kati ya kila wanne walikuwa hawajafika miaka 35? Wanasiasa wanajua kuhesabu, na ndiyo maana hazina zimepangwa hivyo.

Je, wajua kwamba zamani, katika milima hii ya Wakalenjin, kubadilisha kazi katikati ya maisha ilikuwa sheria? Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, walikuwa na sherehe iitwayo saget ab eito. Ng'ombe dume mweupe alichinjwa, na rika la wapiganaji likakabidhi nchi kwa rika lililofuata. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, anasimulia kwamba wapiganaji walivua mavazi yao ya vita wakavaa ngozi za wazee, nao vijana wakaambiwa kwamba usalama wa nchi sasa uko mikononi mwao. Hakuna aliyeandika barua ya kujiuzulu, wala aliyeulizwa na jirani, "Kwani kulitokea nini kazini?" Walihama pamoja, siku moja, na kazi mpya ilikuwa inawangoja: kuamua kesi, kugawa ardhi, kushauri.

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni iliizuia sherehe hiyo kwa hofu kwamba ilikuwa kisingizio cha maasi. Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei akakamatwa, na akakaa kizuizini zaidi ya miaka 40, hadi uhuru ulipokuwa umeshafika. Mimi husema mkoloni hakuvunja sherehe tu. Alituachia utaratibu wa kila mtu kustaafu peke yake, na bahasha ya kaki mkononi.

Je, wajua kwamba marehemu Dkt. Joyce Laboso alikuwa na miaka 47 alipoingia siasa? Alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo ilianguka katika eneo la Narok, ikamwua dada yake Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, pamoja na Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na waziri wa barabara. Septemba mwaka huohuo Joyce alishinda uchaguzi mdogo wa Sotik, na Beatrice Kones, mjane wa Kipkalya, akashinda ule wa Bomet. Mwaka 2013 Joyce akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2017, akiwa na miaka 56, alimshinda gavana aliyekuwa madarakani, Isaac Ruto, mwana wa Chepalungu, akawa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Alifariki Julai 2019 akiwa bado ofisini.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu vitabu vya ushauri vinapenda kusema "fuata ndoto yako." Huku kwetu wengi wanaobadilisha kazi wakiwa na miaka arobaini na kitu hawafuati ndoto. Wanasukumwa: na msiba, na mgongo uliochoka, na barua ya kupunguzwa, na shamba la baba lililobaki bila mtu. Aliyesukumwa si dhaifu kuliko aliyeota. Laboso alisukumwa, na mlango ulipofunguka alikuwa na miaka ya kusoma na kufundisha nyuma yake.

Je, wajua kwamba hata shamba hapa liliwahi kufutwa kazi? Septemba 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza Kenya, na mahali palipotajwa ni Longisa, Bomet, jirani wa Sigor. Ni virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja. Majani yanageuka manjano, yanakauka kuanzia pembeni, na gunzi linatoka tupu. Wataalamu wakasema: acheni mahindi msimu mmoja au zaidi, pandeni kitu kingine. Hebu fikiria kumwambia mzee wa Chepalungu, aliyelisha na kusomesha watoto kwa mahindi, kwamba asipande mahindi. Wengine waligeukia viazi na maharagwe, wengine nyasi za ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kazi hiyo mpya. Walijifunza kwa jirani, na kwa hasara.

Je, wajua kwamba chai yenyewe ni kazi ya pili? Kisiwa cha Ceylon, leo Sri Lanka, kilikuwa nchi ya kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani uliingia, na katika miaka iliyofuata mashamba ya kahawa yakateketea. Bahati yao, Mskoti James Taylor alikuwa ameanza kupanda chai mwaka 1867 kwenye kipande cha ekari 19 tu. Wenye mashamba wakang'oa kahawa, wakapanda chai. Thomas Lipton, muuza vyakula wa Glasgow, alifika huko 1890 akiwa na miaka kama 40, akanunua mashamba. Hivyo lile jina lililoandikwa kwenye pakiti ni la mwenye duka aliyebadilisha njia.

Na wajua nani amenunua mashamba ya Finlays hapa Kericho na Bomet? Ni Browns, kampuni ya Sri Lanka. Wajukuu wa kutu ya kahawa wamekuja kutuuzia chai yetu.

Je, wajua kwamba chini ya mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai kwa miaka mingi? Kampuni kubwa zilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, lakini mkulima mdogo alifunguliwa njia baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ikaundwa 1964. Kwa hiyo wazee wengi wa Kipsigis waliopanda miche ya kwanza walikuwa wafugaji na wakulima wa wimbi waliojifunza zao geni wakiwa watu wazima, wenye wake na watoto. Ukimsikia mtu akisema wazee wetu hawakupenda mabadiliko, mwonyeshe milima ile ya kijani kibichi.

Mei 2023 mashine za kuchuna majani chai zilichomwa moto Kericho na watu waliokasirishwa na kupotea kwa vibarua. Hasira yao ninaielewa. Moto wenyewe haukumrudisha hata mtu mmoja kazini.

Je, wajua mwajiri anakudai nini akikupunguza kwa sababu ya mashine? Nina maana, wewe unamdai nini? Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba wapewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla, sababu zitajwe, na malipo ya kuachishwa yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Aliyechuna chai miaka 20 ana siku 300 za mshahara. Ongeza siku za likizo ambazo hukuzichukua, nazo hulipwa. Huo ni mtaji. Ng'ombe wa maziwa haanguki mbinguni, na siku 300 za mshahara zinaweza kumnunua, mradi zisipitie kwanza baa ya karibu na lango la shamba.

Je, wajua kwamba anayeondoka kwa hiari yake hapati malipo hayo? Ndiyo. Mwajiri akikuita "tuzungumze" na kukusihi ujiuzulu mwenyewe kwa heshima, jiulize heshima hiyo inamgharimu nani. Sahihi yako kwenye barua ya kujiuzulu inaweza kufuta zile siku 300.

Je, wajua kwamba kwa mwalimu na mtumishi wa umma siku moja ya kuzaliwa inaweza kuwa na thamani ya shamba? Umri wa lazima wa kustaafu ulipanda kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Lakini mlango wa kustaafu kwa hiari unaanzia miaka 50. Chini ya sheria ya zamani ya pensheni, Sura ya 189, anayestaafu kwa hiari baada ya 50 akiwa na utumishi wa kutosha anatoka na haki yake. Aliyejiuzulu akiwa na 48 alitumia neno lingine, na kwa kawaida pensheni ilibaki serikalini. Nimesikia walimu wakiapa kwamba hawamalizi muhula mwingine. Mwalimu wangu, kabla hujaandika barua, uliza kwanza uko kwenye mfumo gani.

Tarehe 1 Januari 2021 ulianza mpango mpya wa kuchangia. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa wote, na wa 45 kwenda juu wakaachiwa wachague. Mfanyakazi hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi baada ya miaka miwili ya mwanzo iliyokuwa nafuu. Serikali inaongeza 15. Kwa hiyo walimu wawili wa shule moja, waliopishana miezi michache tu kuzaliwa, wanaweza kuwa na hesabu tofauti kabisa za kuondoka. Usimwige mwenzako wa meza ya jirani. Uliza yako.

Je, wajua kikwazo kilichopo ukitaka kuingia ualimu badala ya kutoka? Matangazo ya ajira ya TSC, tume ya walimu, yamekuwa yakiweka kikomo cha miaka 45. Basi ile njia ya "nitarudi chuo nikasomee ualimu nikiwa na 44" imejaa matope.

Jaji wa Kenya, kwa upande wake, anastaafu akiwa na 70. Kila mtu na kalenda yake.

Je, wajua kwamba Siti binti Saad, kabla ya kuwa mwimbaji, alikuwa akitembeza vyungu? Alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya familia, akahamia mjini mwaka 1911 akiwa mtu mzima. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Umri wake wakati huo hukisiwa kuwa kwenye arobaini na kitu. Sauti ilikuwa ileile iliyonadi vyungu.

Edward Tingatinga alikuwa na miaka kama 36 alipoanza kupaka rangi ya baiskeli kwenye vipande vya mbao Dar es Salaam, mwaka 1968. Kabla ya hapo alishika vibarua vya kila aina, kikiwemo cha shamba la mkonge Tanga. Alikufa 1972. Miaka minne ya kazi, na mtindo mzima wa sanaa unaitwa kwa jina lake.

Muhammad Said Abdulla alikuwa bwana afya Zanzibar, mtu wa kukagua usafi, kabla hajawa mhariri. Kitabu chake cha Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, akiwa na miaka 42, na mpelelezi wake Bwana Msa akaingia nyumbani kwetu. Ukimsoma utaona jicho la mkaguzi halikustaafu.

Na hapa nyumbani, Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyekuwa waziri, alichapisha uchunguzi wake wa isimu ya lugha ya Kikalenjin mwaka 1979, akiwa na miaka 54. Waziri anayeandika juu ya viambishi! Tungepata kumi kama yeye bungeni, kelele zingepungua.

Je, wajua kwamba huzuni ya katikati ya maisha imeonekana hata kwa sokwe? Mwaka 2012 watafiti walichapisha taarifa juu ya sokwe na orangutani 508 waliofugwa. Walezi wao waliulizwa jinsi kila mnyama alivyoonekana kuridhika, na hali ilishuka katikati ya umri kisha ikapanda tena uzeeni. Wanyama hawana meneja, wala karo, wala mkopo. Sasa ukijisikia mzito na miaka 47 yako, huenda si kazi peke yake, na barua ya kujiuzulu haitaponya kila kitu.

Je, wajua umri wa wastani wa waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote Marekani? Miaka 45. Pierre Azoulay na wenzake walipekua kumbukumbu za waanzilishi milioni 2.7, wakakuta kwamba kijana wa miaka 22 anayetajirika chumbani mwake ni nadra kuliko sinema zinavyosema. Kilichosaidia zaidi ni kuwa umewahi kufanya kazi kwenye biashara ya aina hiyohiyo. Hiyo ni Marekani, penye benki zenye subira. Lakini sehemu ya mwisho inavuka bahari: mpimaji wa majani aliyekaa kituo cha kununulia chai miaka 15 anajua mizani, magari na wakulima kuliko kijana yeyote mwenye shahada ya biashara. Akianza kukusanya maziwa ya kupeleka Sotik, ambako New KCC ina kiwanda, haanzi kutoka sifuri. Akifungua saluni, anaanza kutoka sifuri.

Je, wajua kwamba fundi aliyejifunzia kazi chini ya mwembe anaweza kupimwa na kupewa cheti? Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hufanya mitihani ya ufundi ya Gredi ya III, ya II na ya I. Isitoshe, mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Umeshona, umechomelea vyuma au umejenga kila likizo kwa miaka 20? Omba upimwe.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023, na masomo yake ni ya mtandaoni. Ukiwa Sigor na simu yenye bando, uko chuoni. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo ina mkopo wa Jielimishe kwa walioajiriwa. Wengi wanadhani HELB ni ya watoto wao tu.

Na Gogo (bibi) Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga kwa zaidi ya miaka 65, aliingia shule ya msingi akiwa amevuka 80, akaketi darasani na baadhi ya watoto aliowasaidia kuzaliwa. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado mwanafunzi. Moja ya sababu zake ilikuwa kuandika alichokijua cha ukunga. Mwenye 46 anayesema "nimechelewa" akamwambie hayo Gogo.

Je, wajua kwamba chai ikipogolewa hukaa miezi kama mitatu bila kuchunwa? Mkulima mzoefu hapogoi shamba zima kwa mpigo. Anapogoa kipande, anachuna kipande. Kazi mpya nayo ina miezi yake mitupu, na kwa kawaida ni zaidi ya mitatu. Bonasi ya chai ya Oktoba isiwekwe kwenye hesabu hiyo: ya magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi huwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya, na kila mwaka inashangaza watu kana kwamba ni mara ya kwanza.

Je, wajua kwamba una siku 21 za majaribio kila mwaka, zenye mshahara? Ni likizo yako ya kisheria. Badala ya kuzimaliza kwenye harusi na harambee, zitumie kukaa dukani, machungani au gereji kwa mtu anayefanya kazi unayoitamani. Beba jembe lake, usiulize maswali tu. Wengine watarudi kazini kwao wakiwa wamepona kabisa ile hamu, na hiyo pia ni faida.

Je, wajua kwamba anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, na asipoitoa anaweza kudaiwa mshahara wa siku hizo? Na aliyefika 50 na kuacha ajira anaweza kudai akiba yake ya NSSF bila kungoja 60?

La mwisho, na ndilo wengi husahau wakiwa mlangoni. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka, ukiwa umefanya kazi wiki nne au zaidi: jina lake, jina lako, tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi uliyofanya na mahali. Si hisani yake, na hakuna cha "rudi wiki ijayo." NSSF watakiuliza, Sacco watakiuliza, mwajiri wa kesho atakiuliza. Kiombe kwa maandishi, ubaki na nakala, kabla hujarudisha funguo na buti za kampuni.